Yah: Habari za Muhula

Kwako Mwalimu Mwantumu,
husika na kichwa cha habari hapo juu.
Sisi hatujambo. Mashine ya chapa imekufa,
nakuandikia kwa mkono, nyuma ya fomu za uhamisho,
maana hapa Pongwe karatasi nazo ni za kuhesabu.

Kengele yako tumeistaafisha.
Tumeletewa ya umeme, inalia yenyewe,
na Jumatano ililia saa nane usiku.
Wasichana wa bweni wakatoka na fagio,
wakafagia uwanja wote gizani.
Kulipokucha hapakuwa na jani la kuokota.
Shemdoe wa getini anasema hajapata kuona
watu wanamaliza kazi kabla ya siku kuanza.

Matokeo: daraja la kwanza watatu, la pili kumi na mmoja,
sifuri sizitaji, unajua zinavyokaa kooni.
Fatna Singano, yule wa kunong'ona,
kapata A ya Kemia. Aliposomewa
akauliza, "Mimi yupi?"
kwa sababu Fatna Singano wapo wawili.
Mwenzake alikuwa kasimama ubavuni,
akampiga kofi la mgongo la furaha,
kisha akaenda kunawa uso
akanawa, akanawa,
mpaka bomba likakatika maji.

Mwalimu Kihiyo kahamishiwa Kilindi.
Tulimuaga kwa soda na maandazi ya mama Chambo,
akasema kulia atalia siku nyingine, leo ana mizigo.
Fizikia haina mtu. Kidato cha tatu
wanafundishana: Mhina anashika chaki,
wengine wanambishia,
na nikipita dirishani nasikia kelele
nzuri kuliko ule ukimya wa zamani.
Samahani. Sisemi ukimya wako.

Mkasi Kilua amerudi shule. Ndiyo, huyo huyo.
Bibi humleta mtoto saa nne, wakati wa uji,
na Shemdoe, mtu wa utaratibu,
humwandika kwenye daftari la wageni:
Anakotoka: kwa bibi.
Sababu ya kuja: kunyonya.
Muda wa kuondoka: akishiba.

Sasa hili halitasomwa kwenye kikao cha wazazi.
Kidato cha pili B, namba kumi na saba,
Semboja Mbaruku.
Wiki tano mwalimu anaita jina,
sauti inajibu "Yupo!", vema inawekwa.
Leo sauti nyembamba, kesho nzito,
kumbe wamepangiana zamu
kama zamu za kudeki.
Mwenyewe yuko machimboni anaponda mawe ya chokaa,
baba yake kalala na mguu tangu Machi.

Mkuu akataka kuchapa darasa zima.
Akasimama Zuhura Mntangi, mfupi vile,
"Mwalimu, tukisema hayupo, mtamfuta."

Fimbo ilirudi kabatini. Sikuisikia ikiwekwa.

Tukapekua dawati la nyuma:
daftari tisa zenye jina lake,
kila somo limenakiliwa hadi jana,
kwa miandiko ya watu arobaini,
mingine ya kunyooka, mingine kama kuku kapita.

Ijumaa nilizibeba mimi. Ruhusa sikuomba.
Nilimkuta mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu,
utadhani kafuta ubao wa nchi nzima peke yake.
Alinawa kwanza. Akajipangusa kwa majani.
Akafungua Hesabu, akasoma amesimama,
kidole kikishuka mstari kwa mstari,
nami nikingoja neno la shukrani nikuletee.

"Nani kaandika hii?" akasema.
"Swali la nne kakosea."

Akachukua kijiwe cha chokaa
akasahihisha pale pale, juu ya jabali.

Ni mimi, katika ujenzi wa taifa,
Karani.

Nakala: hakuna.
N.B. Ufunguo wa kabati la ramani hatuuoni.
Hebu tazama kwenye mkoba wako wa bluu.