Kabla ya Barabara ya Kwanza

Dado nililichonga kwa kandambili iliyokatika,
kisigino cha bluu, pande sita,
vitone nikavichoma kwa msumari wa moto
jikoni kwangu Makorora, usiku, hadi harufu ya mpira
ikamwamsha mume wangu:
"Unapika nini, Mwantumu?"
"Hesabu."

Asubuhi, darasa la tatu, watoto themanini na wawili.
Tukasukuma madawati ukutani
nikachora sakafuni kwa chaki Ngamiani yote:
barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
mpaka ya ishirini, pale mlangoni.
Kila mtoto asimame anapolala.

Kanuni: kisoda kikianguka chali, nenda mbele,
kifudifudi, rudi nyuma,
hatua ngapi, dado litasema.
Ukirudi ukapita ya kwanza, umeungua, kaa.
Hiyo ya mwisho niliitunga mimi. Sikuifikiria sana.

Mwalimu Semboja akachungulia dirishani:
"Hili ni darasa au soko la Mgandini?"
"Soko. Karibu ununue."

Basi zamu ya Hiza. Yuko ya tatu.
Kisoda, kifudifudi. Dado, tano.
"Kaungua! Kaungua!"
Hiza hakukaa.
"Mwalimu, mbona mimi kila siku natoka ya tatu,
narudi nyuma, nyuma, navuka reli,
nafika mjini kwa mama anakouza vitumbua,
na siungui?"

Miaka kumi na minne nimewaambia watoto
tatu kutoa tano haiwezekani,
kwa sauti ya mtu anayefunga duka.
Chaki ikanilowa kiganjani.
"Sijui," nikasema.
Wakanyamaza kama nimetukana.

Kibwana ndiye aliyejitupa sakafuni,
akajinyoosha kabla ya barabara ya kwanza:
"Mimi reli! Nivukeni!"
Hiza akahesabu: ya pili. Ya kwanza.
Reli, akaikanyaga kwa adabu,
kidole kimoja tumboni mwa Kibwana.
"Hapo ni sifuri," nikasema, nami nikajisikia nikisema.
Hatua mbili zimebaki, na chaki imeishia hapo.
Nikapiga magoti nikachora.
"Hizi tuziiteje?"
"Ya kwanza ya ng'ambo. Ya pili ya ng'ambo."
Walijibu upesi hivyo,
kama watu walioulizwa njia ya kwao.

Sasa ni saa tisa. Andalio la somo liko mbele yangu
na kile kisanduku cha Tathmini
kilichozoea "somo limeeleweka."
Kalamu imesimama kwa sababu ya Zaituni,
ambaye tangu Januari sijamsikia
ila akiitikia jina lake,
na leo, madawati yakirudishwa, kanivuta khanga:
"Mwalimu, na treni ikipita,
sifuri inakaa wapi?"

Nimeandika hivyo hivyo, na alama yake ya kuuliza.