Chini ya Kabati, Muhumba

Gololi ya mtoto, ukiiweka mlangoni,
huanza safari bila kusukumwa,
hupita sebuleni, hujigonga chini ya dirisha,
hutaka kwenda ziwani.
Ndivyo udongo wa Bukavu ulivyo: hautulii.
Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Hawakutuambia la kufanya
ukuta ukiwa na miguu.

Mama Nsimire hataki hadithi. Anataka sakafu.
"Birhahwa, harusi ya kijana wangu ni Jumamosi ya tatu.
Wakwe wanatoka Uvira. Wasilione shimo lile."

Shimo lile: mbao kumi na moja hazipo.
Zilipikia maharage mwaka ule wa risasi,
watu ishirini na sita ndani ya vyumba vitatu,
na nani angeshuka kutafuta makaa?
Mvule huwaka polepole, anasema,
kisha ananyamaza, anatazama mikono yake.
Kando ya shimo duara jeusi, kitako cha mbabula.
Napiga magoti. Nanusa. Bado.

Mbao mpya ninazo, zimepanda na kijana kutoka Kadutu,
nyekundu, mbichi, ukizibana zinatoa machozi.
Ziweke katikati ya zile za zamani
uone meno ya dhahabu kinywani mwa bibi.
Kwa hiyo nafanya alivyonifundisha marehemu Cirhuza:
kiraka cha sebuleni kikate chumbani,
chini ya kabati, pasipofika jua wala mgeni.
Mbao zilizozeeka pamoja hutambuana.
Hizi changa ziende gizani, zikakue.

Patasi. Nyundo ndogo.
Msumari wa kale hutoka ukilia.
Ubao wa kwanza, wa pili, wa tano.
Wa sita naugeuza,
na mgongoni mwake kuna penseli,
herufi za mtu aliyeshika kalamu kama tindo:

NTAKWINJA. 1951.
LEO SIKU YA AROBAINI.
MZUNGU ANASEMA KESHO.

Nilicheka hadi msaidizi wangu akaja kuangalia.
Kisha sikucheka.
Kwa maana kila ulimi ulikuwa umeingia mfereji wake,
hata ukucha usipite,
na pembe zote, kama mifupa ya samaki,
zilikuwa zimekutana bila kugombana.
Mtu wa kesho, kesho, ndiye aliyeifanya kazi hii.
Angeweza kukosea kidogo. Nani angejua?

Unga wa mbao nauchanganya na gundi, najaza nyufa.
Msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini.
Umeme ukikatika, mkono.
Duara la mbabula limefifia, halikwisha.
Namwambia mama: nikizidi, nitatoboa.
Anapima kwa macho ukubwa wa zulia. Sawa.
Vanishi mara tatu, madirisha wazi,
na asubuhi ya nne ziwa limelala sebuleni,
limeinama kidogo, kama nyumba yenyewe.

Ubao wa Ntakwinja nimeuweka katikati kabisa,
uso juu, maneno chini.
Wakwe wa Uvira watacheza juu ya deni lake.

Na kule chini ya kabati,
kabla sijapigilia ubao mbichi wa mwisho,
nikautoa penseli sikioni, nikaandika mgongoni:

BIRHAHWA. NUSU NIMEPATA.
NUSU BAADA YA HARUSI.

Nikaugeuza. Ukaingia kwa pigo moja.