Kovu la Beleshi

Kila asubuhi, kabla ya kahawa,
nilizihesabu kama karani wa forodha:
saba kwenye mto, tisa kwenye sinki,
moja, ndefu, ndani ya siagi.
Ragnheiður aliitoa kwa ncha ya kisu,
akaendelea kupaka mkate wake.
Miaka ishirini na sita ya ndoa
imemfundisha lipi la kusema, lipi la kufuta kisuni.

Nilianza kuzilaza upande nikiwa na arobaini na moja.
Njia niliichora juu ya sikio la kushoto.
Mwaka uliofuata ikashuka,
wa tatu ikagusa sikio lenyewe.
Nywele kumi na nane zilivuka uwanja mzima,
zimebanwa kwa jeli,
kama kamba za turubai la harusi
iliyokwisha juzi.

Dawa nilinunua. Ya kupaka, ya kumeza,
kofia yenye taa nyekundu ndani
niliyoivaa gerejini, gizani, juu ya ndoo,
nimekaa kama msafiri anayengoja treni
katika nchi hii isiyo na reli hata moja.
Kichwa cha kufa hakisikii dawa.

Na upepo! Nimeujua upepo wa Akureyri
kuliko wanavyoujua watabiri wa hewa.
Kwenye kona ya benki hukurukia bila hodi.
Nimewahi kumwacha rafiki katikati ya sentensi
ili nigeuze shavu langu kaskazini.

Halafu Jumamosi ile ya Februari, bwawani,
digrii kumi na moja chini ya sufuri,
theluji ikianguka na kufia ndani ya mvuke,
sisi tumezama hadi kidevu katika maji ya moto
tukibishana kuhusu bei ya matairi,
mjukuu wa Hjördís, hana meno ya mbele,
akaniuliza kwa sauti ya kengele:
"Mbona nywele zako zimesimama upande mmoja
kama bendera?"

Nikagusa. Kweli.
Kipande cha barafu, kimetoka sikioni, kinapunga.

Hata mzee Ketill, mwenye upara
tangu kabla mwezi haujakanyagwa,
akayatazama maji kwa adabu.
Adabu ile ndiyo iliyonichoma.
Nikajaribu kuwa wa kwanza kucheka;
kilichotoka ni mlio wa bawaba.
Nikapiga mbizi.

Sikuwa nimezamisha kichwa kwa miaka kumi.
Huko chini palikuwa kimya, na nywele zangu
zikaachia jeli, zikanielea usoni
laini, laini mno,
zikiniaga au zikinibembeleza, sikujua.

Jioni nikasema: Lete mashine.
Ragnheiður hakuuliza mashine gani.
Ilikuwa droo ya juu, nyuma ya mishumaa,
na betri mpya. Tangu lini, sikuuliza mimi.
Dakika nne.
Miaka kumi ya ufundi, dakika nne.

Kisha kidole chake kikasimama nyuma ya utosi.
"Na hiki nini?"

Kovu. Limepinda kama mundu.
Beleshi la Brandur, kaka yangu:
tulichimba pango la theluji nyuma ya shule,
yeye tisa, mimi sita, akalinyanyua bila kutazama nyuma.
Alinibeba hadi nyumbani akilia kunishinda,
akanivisha kofia yake mwenyewe
mama asije akaiona damu.

Brandur alikufa na nywele zake zote.
Thelathini na minane. Nyeusi tii
juu ya mto wa hospitali; nesi alizichana.
Nilizionea wivu, Mungu anisamehe,
hata siku ile.

"Hapa," nikamwambia Ragnheiður, "gusa tena."

Asubuhi nikatoka kichwa wazi, kifua mbele.
Kwenye kona ya benki kaskazini ikanipiga kofi
nikaona nyota mchana.
Nikarudi kuchukua kofia.
Si aibu.
Ni masikio.