Mvishaji

Kazi yangu ni zipu.
Wengine huingia. Mimi hufunga.

Usiku ule bomba lilipasuka chini ya uwanja wa hoki,
amonia ikatambaa chini ya milango
hadi kwenye maegesho ya magari,
na theluji yote ya mji wetu mdogo, huku kaskazini mwa Latvia,
ikanuka mkojo wa farasi.

Vizma alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akaninyooshea miguu kama mtoto wa chekechea.
Suti ya kijani, nzito,
yenye harufu ya mpira na jasho la mwaka jana.
Mguu wa kulia. Wa kushoto. Buti.
Akavua pete ya ndoa, akaisukuma kwenye kidole changu cha mwisho:
"Usiipoteze kama ile ya Gundars."
Gundars, aliyekuwa akikunjua mpira wa maji,
alijifanya hasikii.

Kioo cha uso nakipaka sabuni ya vyombo,
ile ya limau, ya bei ya chini,
kisishike ukungu.
Kitabu cha mafunzo kinataja dawa maalumu.
Kitabu hakijawahi kutoka jasho.

Kabla ya barakoa huniambia, "Pua."
Namkuna pua. Miaka tisa sasa
naikuna pua ya mke wa mtu
mbele ya kikosi kizima, na hakuna anayecheka,
maana ukishafungiwa humo ndani
pua yako iko mbali nawe kama Riga.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mtungi huu wa mgongoni hauna kata,
una sindano ya geji,
na sindano ilisema mia tatu:
nusu saa, kwa mwenye moyo mtulivu.
Vizma hana moyo mtulivu.
Nikaandika ishirini, kwa kalamu ya wino mzito,
kwenye ngozi ya mkono wangu.

Kisha zipu. Kutoka pajani ikipanda,
ikivuka kifua, polepole,
kwani jino moja likimkosa mwenzake
nimemtuma kwenye sumu akiwa uchi.
Kupitia kioo midomo yake ilisema kitu.
Sikusikia.
Nikainua kidole gumba.

Walienda wawili, yeye na Raitis,
wakiyumba kama mahema yaliyoota miguu.

Dakika ya saba redio ilikohoa.
Ya kumi na mbili: "Tumempata."
Fundi wa kompresa, Ojārs,
alijifungia katika stoo ya viatu vya kuteleza
na taulo mbichi usoni.
Taulo!
Sisi tuna suti ya bei ya gari,
yeye alikuwa na taulo lenye nembo ya timu ya watoto.

Ishirini ikapita mkononi mwangu.
Ishirini na moja.
Mlangoni nikasikia filimbi ya mtungi kabla sijawaona,
hewa ya mwisho ikijitangaza,
na Ojārs katikati yao, akiburuta visigino.

Wakamchukua. Lakini wao wawili sikuweza kuwagusa bado.
Kwanza maji, kwanza brashi, mara tatu,
makwapa, nyayo, mkunjo wa zipu,
huku filimbi ikilia ndani ya povu
na maji yakiganda chini ya buti zangu.
Usiharakishe, nilijiambia. Usiharakishe, mpumbavu wewe.

Nilipofungua, mvuke ukamtoka kama chungu kilichofunuliwa.
Nikamuuliza: "Ulisema nini, pale kwenye kioo?"
"Nilisema buti la kushoto linabana."

Ojārs alipona, ila jicho moja
lina ukungu usiosikia sabuni yangu.

Asubuhi niliijaza suti hewa.
Ikavimba, ikasimama wima katikati ya gereji, bila mtu.
Nikaipaka povu, mshono kwa mshono,
nikisubiri kiputo kinionyeshe tundu.
Hakikutokea. Nikapaka tena.

Pete ilikuwa imekwama.
Ilitoka kwa limau.