Penseli ya Kijani

Kwenye ramani yangu, kiwanja cha Isevya
ni sentimita nne kwa tatu za rangi ya kijani.
Nilikipaka mwenyewe, mwaka wa kwanza kazini,
nikilaza penseli ubavu isiache michirizi,
nikapuliza unga wa rangi,
nikaandika kwa herufi ndogo: ENEO LA WAZI.

Chini, kwenye udongo wenyewe,
kijani hicho kilikuwa na gereji ya Kashindye,
matofali ya mtu aliyekwenda Mpanda asirudi,
mbuzi watatu, na dimbwi
ambalo kila Januari lilijifunza upya kuwa ziwa.
Wazi, ndiyo. Wazi kama mdomo
wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Mwaka huu fedha zimepatikana. Si nyingi.
Mhandisi akasema, chora.
Nikachora: uwanja wa mpira, magoli ya bomba,
mabenchi sita, bembea nne, maegesho,
na njia ya changarawe inayokata kona kwa adabu,
nyuzi tisini, kama tulivyofundishwa chuoni.

Tukaitisha mkutano wa mtaa.
Wanaume wakaja, wakakaa mbele.
Wakataka jukwaa. Wakataka taa, wacheze bao hadi usiku.
Mihayo, fundi saa, akauliza choo kiko wapi,
akapigiwa makofi kuliko wote,
maana kwenye mchoro wangu
hakuna aliyekuwa na kibofu.

Asiyekuwepo na lake halipo.
Ndivyo muhtasari unavyoandikwa.

Jumamosi nilirudi peke yangu na futikamba.
Saa kumi, jua limeanza kulegea,
nikakuta wasichana wanacheza rede
katikati kabisa ya goli langu la kaskazini.
Mpira wa soksi na matambara,
wawili wakirusha, huku na huku,
mmoja kati, anakwepa
na bado anajaza mchanga chupani.

"Dada, unapima nini?"
Nyamizi, miaka kumi, magoti yamepauka.
Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma taratibu,
kidole kikitembea.
"Hapa wavulana. Hapa wazee. Hapa magari.
Sisi tuko wapi?"

Nikasema uwanja ni wa wote.
Akanitazama kama mtu aliyetoka dukani
anavyomtazama anayemwambia sukari imeshuka bei.

Nikakaa juu ya matofali ya mtu wa Mpanda
nikahesabu nyayo:
wauguzi wa zamu ya usiku, mama wa mihogo,
watoto na madumu ya maji,
wote wakipita mshazari,
kutoka mashine ya kusaga hadi kona ya msikiti,
njia nyembamba, ngumu kama kigae,
iliyochorwa bila rula
na watu wasiojua kwamba mimi nipo.
Hakuna hata mmoja aliyepiga tisini.

Kashindye akatoka chini ya lori, akajifuta mikono.
"Na mimi mnanihamishia wapi?"
Sikuwa na rangi ya jibu lake.

Usiku nikafuta.
Raba ikaacha ukungu pale njia ilipokuwa,
nikailaza upya, mshazari.
Goli la kaskazini nikalisogeza mita kumi na nne.
Nikaweka choo, mlango mmoja mpana
wa kupitisha kiti cha magurudumu.
Kisha nikaacha mahali patupu, mita kumi na mbili kwa sita,
mchanga tu, hakuna benchi, hakuna nguzo,
nikaandika kwa herufi ndogo: REDE.

Mhandisi akauliza, hiki ni kifaa gani,
kinauzwa wapi, bei yake?
Nikamwambia, chupa moja, soda imekwisha kunywewa.
Hakucheka. Akaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu,
na mchoro ukapanda ngazi kwenda ghorofa ya pili.

Upo huko bado.
Mimi huchonga penseli. Imebaki urefu wa kidole gumba.
Na jana nilipopita Isevya
Nyamizi alikuwa kati,
akikwepa mbele, akikwepa nyuma,
chupa ikiwa nusu.