Utepe

Niliuzungusha kwenye mkono wa Sikuku,
katikati ya bega na kiwiko.
Ukasoma njano.
Nyumba nzima ikanyamaza.

Nelima hakuuliza kitu. Alitazama ungo mlangoni:
mayai saba ya kupelekwa Chwele
yageuke gorogoro la mahindi, kipande cha sabuni,
na nusu ya deni la dukani.
Kuku wanataga humu humu, chini ya kitanda
anacholala mtoto asiyejua ladha ya yai.

Mimi nina nini? Kalamu, daftari,
fulana ya kaunti iliyochujuka.
Nikatoa maneno ya semina: uji wa wimbi,
omena wa kusaga, mrenda, kunde.
"Dada," akasema, "hayo nayajua
tangu tumboni mwa mama."

Nikafunga daftari.

Ndipo alipoinama, akachukua yai moja
kama mtu anayejiibia,
akalitumbukiza kwenye maji ya chai.
Sita yakaenda Chwele.
Sikuku alianza na kiini,
akalamba vidole, akatafuta jingine.

Mwezi ujao nitarudi.
Sijui utepe utasema nini.
Najua tu nilichoona kidevuni mwake:
njano, lakini
njano nyingine.