Mstari wa Hamsini na Tano

Asubuhi naiamsha programu, naipa inachotaka:
njia mbili za kurukia na digrii zake,
upepo wa mwaka mzima, joto la Julai,
uzito wa ndege ya mizigo inapopaa saa tisa usiku
imeshiba vipuri vya magari na maua ya watu wengine.
Feni inalia chini ya meza.
Kisha mji wa Vecsés unavikwa pete,
nyekundu, ya machungwa, manjano iliyokonda,
kama kitunguu kilichokatwa na mpishi mlevi.

Nyumba hizi nazijua kwa mapaa tu.
Kila mita mia nimepanda nukta ya kusikilizia,
sikio lisilo na mtu.
Sikujua kwamba jirani ya nukta 4117 anaishi Gyetvai Piroska,
muuza kabichi za kuchachusha,
hadi alipoinuka kikaoni, ukumbi wa shule,
na daftari la hesabu lenye picha ya farasi.
Akasoma:
*Tarehe nne. Saa nane na dakika kumi na moja, kubwa.
Saa tisa kasorobo, kubwa zaidi.
Saa tisa na robo, sijui, nilikuwa nalia.*

Mstari wangu wa desibeli hamsini na tano
umepita kati ya jiko lake na kitanda chake.
Jikoni ni ndani: serikali italipia vioo viwili.
Chumbani ni nje.
"Basi nilale kwenye meko?" akauliza.
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka,
kisha kicheko kikanikwama kama mfupa wa samaki.

Nikamweleza wastani.
Kwamba ndege ya usiku tunaihesabu kumi,
kwamba mwaka mzima tunautia kwenye kinu kimoja
na kinachotoka ni namba.
Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.
"Mwanangu, pipa moja nikilisahau chumvi
na la pili nikalitia mara mbili,
kwa wastani nina kabichi nzuri.
Wewe utakula la pipa lipi?"

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji:
wasemao hivyo
hawajalala kando ya dimbwi.

Ijumaa nilikwenda kwake, bila barua ya ofisi,
na kipima sauti mfukoni.
Tukakaa gizani. Mitungi ikaanza kwanza,
maji yake yakasisimka kabla ya masikio yetu,
bizari ikacheza, kifuniko kikagonga kifuniko,
halafu anga yote ikapita juu ya sahani.
Jikoni: sabini na moja.
Nikakimbilia chumbani kwa ile iliyofuata. Sabini na moja.
Niliutafuta mstari wangu sakafuni kwa tochi ya simu.
Palikuwa na zulia, na kandambili moja.

Jumatatu nikakiona kisanduku kidogo,
*lainisha kontua*, kimewekwa alama
tangu siku tuliyoinunua programu.
Mistari iwe mizuri, ipendeze kwenye ripoti.
Nikaifuta alama.
Mstari ukavunjika meno, ukawa msumeno,
ukamkumbatia Piroska mzima, kitanda na mto,
na kwenye kona ya pili
ukamtema Dobos Rezső, nyumba nzima,
yeye na mkewe anayepumua kwa mashine.

Nikairudisha alama. Nikaifuta. Nikairudisha.

Nimeomba nukta za kila mita kumi.
Kompyuta inasema itahitaji siku tisa.
Mkuu wangu anauliza siku tisa za nini,
kwa nyumba mbili?

Piroska ametuletea mtungi ofisini.
Hakuna aliyeufungua.
Uko mezani kwangu, karibu na skrini,
na maji yake yanaposisimka
sihitaji kutazama saa,
nahesabu tu:
sasa imefika kwake.
Sasa imefika kwa Rezső.